Mtoto bado anaogopa upepo

SWALI: Tornado (kimbunga cha upepo unaozunguka) ya Desemba 2021 ilitupiga Bowling Green, Kentucky, Marekani, usiku wa manane. Mwanangu bado hulia upepo ukivuma. Nifanyeje?
Mama wa watatu

JIBU: Pole sana, mama. Usimkemee, mpe kazi. Awe mbeba tochi, na ajue mnapojificha: chumba cha ndani, ghorofa ya chini, kisicho na dirisha. Fanyeni zoezi siku ya jua, si mawingu yakishatanda. Ving'ora vya kuonya tornado vimewekwa kwa walio nje, usingizini huenda msivisikie. Nunueni redio ya tahadhari za hali ya hewa yenye betri. Hofu ikizidi, pigeni simu ya Marekani ya kuwafariji waliopatwa na majanga, 1-800-985-5990, bure, saa 24, muombe mkalimani. Na majirani? Pangeni mapema nani atagonga mlango wa nani, hasa wa mzee anayeishi peke yake.