Kasoro ya mfuko na kasoro ya kichwa: tuzipimeje muvi za bajeti ndogo

Mkuu, umeuliza kama muvi isiyojulikana, iliyotengenezwa kwa hela kidogo, tuipime kwa mizani ileile ya muvi kubwa au tuilegezee. Umetoa mfano wa ile uliyoiangalia juzi: nywele za mhusika mkuu zinabadilika urefu katikati ya mazungumzo, halafu kuna sini ya baba aliyesimama mlangoni ambayo ilikuliza. Hujui uipe nyota ngapi. Wenzangu wengi hapo juu wamesema tuwahurumie watengenezaji kwa sababu hali zao ni ngumu. Hapo mimi sikubaliani nao, na nasema hivyo kama mtu aliyeangalia muvi za aina hii kwa miaka mingi na aliyefanya kazi kwenye mbili, nikishika maikrofoni.

Kila nikiona kasoro najiuliza imetoka mfukoni au imetoka kichwani. Polisi wanaofika eneo la tukio wakiwa wawili badala ya ishirini, hiyo ni ya mfuko na naipita. Lakini hao wawili wakifika, wakasimama mlangoni, na asitokee hata mmoja wa kuuliza nani alimwona marehemu mara ya mwisho, hiyo ni ya kichwa. Swali hilo lingeandikwa bure.

Anza na sauti. Watu hukimbilia kukosoa picha, wakati mtazamaji huvumilia picha yenye giza, hata yenye chenga, ila sauti mbaya inamchosha ndani ya dakika tano na mara nyingi hajui kilichomchosha. Kwenye kazi yangu ya kwanza tulikuwa jikoni, nyumba ya kuazima, mama na mwanawe wanagombana. Nyuma yao kuna friji linanguruma. Hatukulisikia hata mmoja wetu, maana sikio la binadamu likikaa na mlio kwa dakika chache linauzoea. Maikrofoni haizoei. Na friji hujiwasha na kujizima lenyewe, kwa hiyo maneno ya mama tuliyarekodi likinguruma, ya mwana tukayarekodi likiwa kimya. Siku ya kuhariri, kila picha ilipohama kutoka uso wa mama kwenda uso wa mwana, ngurumo ilikatika. Ikirudi kwa mama, nayo inarudi. Yule mama alikuwa ameigiza kuliko sisi sote tulivyotarajia, machozi ya kweli yanamshuka. Tulipowaonyesha watu, hakuna aliyezungumzia machozi. Waliuliza ule mlio ni wa nini.

Dawa ilikuwa kuchomoa waya ukutani. Kwenye kazi ya pili mtaalamu wa sauti aliuchomoa kabla hata ya kufungua begi lake, akaweka funguo za gari lake ndani ya friji ili asiweze kuondoka bila kukumbuka kuliwasha tena. Na kabla hatujahama chumba alituomba sote tusimame bila kupumua kwa nguvu, nusu dakika nzima, arekodi ukimya wa chumba chenyewe. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri huutandika chini ya mazungumzo ili viraka visisikike. Kwa hiyo sasa nikisikia sauti ya nyuma inakatikakatika kwenye muvi ndogo, siilaumu bajeti hata kidogo.

Baada ya sauti naangalia kama hadithi imejikuna ilipojipata. Chukua Clerks ya Kevin Smith, ya mwaka 1994, iliyopigwa kwa dola 27,575. Alikuwa anafanya kazi dukani mchana na kupiga muvi dukani humohumo usiku, duka likiwa limefungwa. Shida ni kwamba hadithi inatokea mchana. Angehangaika na taa za kuigiza jua dirishani na zisingemtosha. Akaandika kwamba mtu amesokomeza chingamu kwenye kufuli za shata, kwa hiyo shata hazifunguki siku nzima. Mtazamaji anacheka, na dirisha halionyeshi usiku. Muvi ina kasoro zake: baadhi ya waigizaji wanatoa maneno kama wanayakariri, na kamera inaganda sehemu moja muda mrefu. Nazitaja bila kuzimumunya. Lakini hazijaiangusha, kwa sababu jengo lote limesimama juu ya maongezi ya watu waliochoka wanaosubiri zamu iishe, na maongezi hayo yameandikwa kweli.

Uigizaji ndipo wengi wanapokosea kupima, na nitakaa hapa kidogo. Wanasema "waigizaji hawana uzoefu" kana kwamba hiyo ni hukumu tosha. Sikiliza ile nafasi iliyopo kati ya neno la mmoja na jibu la mwenzake. Kama kila mtu anasubiri mwenzake amalize kabisa, anapumua, ndipo anaongea, hawakufanya mazoezi pamoja, au mhariri hakuthubutu kukata. Mtu aliyetukanwa hasubiri. Christopher Nolan alipotengeneza Following, iliyotoka 1998, yeye na wenzake walikuwa na kazi zao katikati ya wiki, wakawa wanapiga Jumamosi tu, karibu mwaka mzima. Utepe wa filamu wa milimita 16 waliokuwa wanapigia ulikuwa ghali kwao, kwa hiyo walifanya mazoezi sana, kama watu wa maigizo ya jukwaani, ili kila shoti ipatikane kwa mara ya kwanza au ya pili. Asiye na hela ya kurudia ana mazoezi, na mazoezi yanaonekana usoni. Mwigizaji mgeni aliyefanya mazoezi naweza kumwangalia saa mbili.

Kuna kasoro zinazonipa taabu kuziweka upande wowote. Primer ya Shane Carruth, 2004, iligharimu kama dola 7,000 na ikachukua tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Mle wahandisi wanaongea kihandisi, wanakatizana, hakuna anayemfafanulia mtazamaji lolote. Kwangu hiyo ndiyo nguvu yake: unaamini kwamba watu hawa wametengeneza mashine ya kurudi nyuma kwenye wakati, kwa mikono yao, gereji. Ila sehemu ya mwisho nimeirudia mara tatu na bado nampoteza mtu niliyekuwa namfuata. Nimeamua kuihesabu ni kasoro ya kichwa, ingawa ni kichwa kilichotutangulia mbali. Ningeomba dakika tano zaidi za kupumua, na dakika tano za watu wawili wamekaa gereji zisingevunja benki.

Tahadhari moja kabla hujahukumu mapema. Ipo muvi ya Japani ya 2017 ya Shinichiro Ueda, One Cut of the Dead, iliyotengenezwa kwa takribani yeni milioni 3. Inaanza na dakika 37 za shoti moja isiyokatwa, na dakika hizo zinaonekana zimeharibika: watu wananyamaza pasipo sababu, maongezi yanayumba. Mimi niliizima. Niliirudia baadaye kwa kusukumwa na rafiki, na siwezi kukueleza kilichofuata bila kukuharibia, ila kila nilichokiita kasoro kilikuwa na kazi yake. Tangu siku ile siandiki maoni juu ya muvi niliyoiacha njiani. Lakini haimaanishi kila uzembe una siri nyuma yake. Siri yenyewe lazima ilipwe ndani ya muvi, tusije tukaibuni sisi kwa niaba yao.

Na tusichanganye kutojulikana na udhaifu. Killer of Sheep ya Charles Burnett ilipigwa wikiendi kwa wikiendi akiwa mwanafunzi, kwa chini ya dola 10,000, na mwaka 1990 iliingizwa kwenye rejista ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Pamoja na heshima hiyo haikufika kwenye majumba ya sinema kwa upana mpaka 2007, kwa sababu haki za nyimbo zilizomo hazikuwa zimelipiwa. Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, ilikumbwa na kinyume chake: msambazaji alipobadilisha jina la muvi, tangazo la hakimiliki likaondoka na jina la zamani, ikawa mali ya umma na kila mtu akaionyesha. Moja ilifichwa na karatasi, nyingine ikatawanywa na karatasi. Ubora wa picha na hadithi haukuwa na neno hapo.

Ninachokasirikia kweli ni hela kidogo kuwekwa pasipotakiwa. Nimeona muvi yenye shoti nne za droni juu ya jiji, nzuri kabisa, na hakuna hata moja inayosogeza hadithi, wakati kwenye sini ya talaka maneno ya mke hayasikiki. Mtu huyo hakukosa pesa. Alichagua, na uchaguzi naupima bila kumwonea haya, mwenye bajeti ndogo sawa na mwenye bajeti kubwa.

Turudi kwenye nywele zako. Zinabadilika kwa sababu maongezi yaleyale yalipigwa siku mbili tofauti, pengine miezi imepita katikati wakitafuta hela au wakisubiri mtu apate likizo. Hiyo miezi ni ya mfuko. Lakini kumpiga mwigizaji picha kwa simu mwisho wa siku, mbele, ubavuni na kisogoni, kisha kuiangalia kabla ya kuanza tena, ni bure, kwa hiyo nywele nazihesabia kichwa. Wape hiyo kwa uwazi, taja na dakika inapotokea ili wajue unazungumzia nini. Halafu irudie ile sini ya baba mlangoni, safari hii kwa makini: alisimama wapi, nani aliongea kwanza, alinyamaza kwa muda gani, na wewe ulianza kulia kwenye neno lipi. Andika hayo juu kabisa, kabla ya nywele. Na ukishamaliza tuwekee jina la muvi, mimi wikiendi hii nina nafasi.