Kabla hujalikata faili la kanzidata, jua unakata wapi

Mdogo wangu uliyekabidhiwa seva wiki hii, nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa natunza kanzidata ya MySQL ya mizani ya wanunuzi wa samaki hapa Mwanza. Kila mzigo wa sangara au dagaa unaopimwa mwaloni unaingia kama mstari mmoja, na miaka ikienda mistari inakuwa mamilioni. Siku moja nikatumwa kupeleka nakala Nansio, kisiwani Ukerewe, maana intaneti ya kule ilikuwa ya kusuasua. Faili lilikuwa GB 5 na ushee hata baada ya kulibana kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili. Flashi yangu ya GB 16, tupu kabisa, ikalikataa.

Flashi ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi hata nafasi iwe ya kumwaga. Leo ningeifomati upya kwa exFAT, isiyo na kikomo hicho, na hadithi ingeishia hapo. Siku ile nililikata kwa amri ya split, vipande vya MB 500:

split -b 500M mizani.sql.gz mizani.sql.gz.

Vikatoka vipande 11, kuanzia aa hadi ak. Herufi hizo hazikunipendeza, nikavibatiza upya 1, 2, 3 mpaka 11. Nikapanda kivuko, karibu saa tatu majini, nimetulia kama bwana harusi. Kufika Nansio nikaunganisha kwa amri ya cat na kinyota (*), yaani vipande vyote kwa mpigo, gzip ikagoma kufungua. Kompyuta hupanga majina kwa herufi, kwa hiyo baada ya 1 ilikuja 10, kisha 11, ndipo 2. Nilipoteza nusu siku nikiilaumu flashi. Majina ambayo split imeyatoa yaache yalivyo. Na ukiunganishia kwenye Windows, tumia copy /b. Ukiisahau hiyo /b, amri inavisoma vipande kama maandishi na inaweza kukatiza njiani.

Chukua sha256sum ya faili zima, yaani alama ndefu inayobadilika hata baiti moja ikibadilika, kabla ya kulikata, iandike, uilinganishe baada ya kuunganisha. Halafu lipandishe, yaani lirudishe kuwa kanzidata, kwenye mashine nyingine kabisa kabla hujafuta la asili. Diski ya huko iwe na nafasi ya vipande, ya faili lililounganishwa, na ya kanzidata yenyewe pamoja na indeksi zake. Wengi hukwama hapo.

Sasa jambo ambalo wageni wa kazi hii hulichanganya. Kukata kwa baiti ni kumkatakata sangara kwa panga gizani: kipande kinaweza kuanzia katikati ya INSERT, amri ya kuingiza mistari. Usitegemee kupandisha kipande cha tatu peke yake ili upate mauzo ya Machi. Kinafaa kusafirishwa tu. Ukitaka sehemu inayojitegemea, kata kwenye kiungo: toa jedwali mojamoja kwa mysqldump, zana ya MySQL ya kutoa nakala, au tumia --where kuchukua tarehe fulani. Ila majedwali yanayotegemeana yatoe kwa amri moja yenye --single-transaction, ili yote yawe ya wakati mmoja, ikiwa ni ya InnoDB, injini ya kawaida ya kuhifadhi ya MySQL. Ukitoa wateja asubuhi na risiti jioni, utakuta risiti za wateja wasiokuwepo.

Kwa jedwali linalokua kila siku, mimi naona bora kuligawa humohumo ndani ya MySQL kwa patisheni za mwezi, yaani kila mwezi na fungu lake. Ukifuta data za zamani kwa DELETE, mamilioni ya mistari huchukua muda mrefu, na faili kwenye diski halipungui. InnoDB inaiweka ile nafasi kwa mistari ijayo. DROP PARTITION, amri ya kutupa patisheni, inaondoa faili la mwezi mzima mara moja. Bei yake ni kwamba tarehe lazima iwemo kwenye ufunguo mkuu (primary key) na kila ufunguo wa pekee (unique key), na jedwali lililogawanywa halikubali funguo za kigeni (foreign keys), zile zinazounganisha jedwali na jedwali. Amua mapema kama utaweza kuishi bila hizo.

Patisheni za miezi ijayo zitengeneze kabla hazijahitajika. Mwezi ukianza bila patisheni yake, na hukuweka ya MAXVALUE ya kupokea mabaki, MySQL inakataa kuingiza mstari. Nililijua hilo tarehe 1 alfajiri, kwa simu ya karani wa mizani: mitumbwi ya dagaa imeshafunga, wapagazi wamepanga foleni, na yeye anaandika kilo nyuma ya daftari la mwanawe.