Sebuleni joto, chumba cha watoto baridi: usikimbilie kununua boila

Pole sana dada, baridi ya Leicester, huko Uingereza, mwezi wa kwanza naijua. Ulivyoeleza, thamostati (kile kifaa cha ukutani kinachopima joto na kuwasha au kuzima boila) iko sebuleni, redieta zote (vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto) zina valvu za namba za kupunguza au kuongeza joto, nyie sebuleni mnavua masweta huku watoto wanatetemeka, na umeshaweka yao kwenye 5 lakini wapi. Boila yako, ule mtambo unaochemsha maji ya redieta, haina shida. Thamostati inapima sebule tu, ikifika digrii 20 inazima boila, sasa hiyo 5 ya watoto itapata wapi maji ya moto? Na 5 haiharakishi joto, inasema tu usifunge mapema.

Watu wengi hapo wanapunguza valvu ya sebuleni iwe 2, usifanye hivyo, itafunga kabla thamostati haijaridhika na boila itaunguruma usiku kucha, bili utailia wewe. Hiyo ya sebuleni fungua yote uiache. Halafu upande wa pili wa redieta kuna valvu ndogo yenye kofia ya plastiki, toa kofia, kaza kwa spana robo duara tu, ngoja siku nzima uone, sebule itapata moto polepole na boila itawaka muda mrefu kidogo. Ya watoto weka 3 au 4.

Ah, na pazia lao lisifunike kichwa cha valvu, kinahisi joto la nyuma ya pazia kinadhani chumba kimeshapata moto. Ikigoma bado, fungua kichwa uangalie kijipini cha ndani, mara nyingi kinakwama kikikaa kimefungwa kiangazi chote.