Kabla ya kalkulasi: kwa mdogo wangu wa PCM kwenye shule ya kanisa

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa kijana wa kidato cha tano. Anasoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, kwenye shule ya kanisa huko Kanda ya Ziwa. "Dada, shikamoo. Jaribio la kwanza la Hisabati nimepata 14 kwa mia. Nimeomba, nimefunga, bado. Je, nihamie HGL?" Yaani aende Historia, Jiografia na Kiingereza. Nikaona siwezi kumjibu kwa sentensi mbili za WhatsApp, maana wenzake wenye swali hilohilo ni wengi, na mimi mwenyewe niliwahi kulala nalo.

Nilisoma kidato cha tano na cha sita kwenye shule ya Wasabato, milimani Upare. Kwetu kanisa na shule vilikuja pamoja. Wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani walianza kazi pale Giti mwaka 1903, na bibi na babu zetu wengi walijulia kusoma kwenye madarasa ya misheni. Kwa hiyo nilipopangiwa pale nyumbani ilikuwa furaha, mama alishona sare kwa mikono yake. Nilikwenda na A ya Hisabati ya kidato cha nne, nikiamini tahasusi ya PCM imeumbwa kwa ajili yangu. Wasichana darasani tulikuwa wa kuhesabika.

Mwalimu mmoja, sitamtaja, alirudisha karatasi za jaribio la kwanza akisoma alama kwa sauti, kuanzia chini. Jina langu halikukawia. Akainyanyua karatasi yangu juu, akasema, "Binti, HKL bado kuna nafasi," yaani nikasome Historia, Kiswahili na Kiingereza. Darasa zima likacheka, hata marafiki zangu. Leo ni mhandisi wa maji, na kuna siku niko saiti mafundi wananisubiri niwape vipimo vya bomba, sauti ile inanijia vilevile ilivyokuwa. Sijaisahau, na sioni kwa nini niisahau. Mwalimu unayesoma hapa, mtoto wa miaka kumi na saba anayabeba maneno yako kwa muda mrefu kuliko kanuni unazomfundisha.

Lakini turudi kwenye karatasi yenyewe, kwa sababu dawa ilikuwa mle. Jaribio lile halikuwa na kalkulasi, yaani difarensiesheni na intigresheni, hata kidogo. Lilikuwa na fankisheni, logarithimu na trigonometria. Haya ndiyo mambo ambayo wenzetu wa Marekani wanayatengea somo zima la mwaka na kuliita prikalkulasi, hisabati ya kabla ya kalkulasi. Sisi hatuna somo la jina hilo. Kwetu yametawanywa ndani ya Hisabati ya kidato cha tano, mwanafunzi anayapitia juu juu huku macho yakiwa kwenye difarensiesheni na intigresheni, kwa sababu hizo ndizo zinazosikika kubwa. Ukiona mtu kidato cha tano anatembea na kitabu cha intigresheni kwapani ilhali sheria za logarithimu hazijamkaa, mwonee huruma.

Angalia mtihani ulivyopangwa. Kwa muhtasari tuliosomea sisi, karatasi ya kwanza ya NECTA, Baraza la Mitihani, ilikuwa na maswali kumi, yote ya lazima, alama kumi kila moja. Difarensiesheni ilikuwa swali moja, intigresheni swali moja. Swali la kwanza kabisa lilikuwa la kikokotoo, alama kumi za kubonyeza kwa usahihi, na watu walizikosa. Karatasi ya pili ikakuletea trigonometria, aljebra, namba changamano, vekta na jiometri ya kuratibu. Mitaala inabadilika, kwa hiyo tafuta fomati ya mwaka wako uisome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa. Ila hesabu ya jumla ni ileile: alama nyingi ziko nje ya kalkulasi.

Na hata swali la kalkulasi lenyewe, kalkulasi yake mara nyingi ni mstari mmoja. Umeambiwa uintigreti cos²x. Mwenye kukariri anatazama dari. Mwenye trigonometria anakumbuka kwamba cos 2x = 2cos²x − 1, anahamisha, anapata cos²x = ½(1 + cos 2x), na hapo kazi imekwisha: jibu ni ½x + ¼ sin 2x, jumlisha c. Umeambiwa uintigreti 1/(x² − 1). Hiyo ni aljebra ya kidato cha tano: ipasue iwe ½ ya [1/(x − 1) − 1/(x + 1)], kisha kila kipande kinakuwa logarithimu. Anayefeli pale huwa amefelia kwenye kuipasua sehemu, lakini akitoka chumbani anasema intigresheni ni ngumu.

Baada ya aibu ile nilianza utaratibu ambao ndio ulionitoa. Kila usiku prepo, muda wa kujisomea, ikianza, kabla sijagusa swali lolote, nilichukua karatasi tupu nikaandika kanuni mbili tu: sin(A + B) na cos(A + B). Kutoka hizo nilizijenga nyingine zote kwa mkono. Weka B sawa na A, unapata sin 2A na cos 2A. Badilisha alama ya B, unapata za kutoa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata ya tanjenti. Mwanzoni ilinila muda, wenzangu wakaniuliza kwa nini napoteza prepo wakati kanuni zimeandikwa kwenye kitabu. Baadaye mkono ukawa unajiendea wenyewe. Kwenye mtihani sikuwa na kanuni ya kusahau, kwa sababu nilikuwa najua zinatoka wapi.

Na ukiwa na shaka na kanuni, ijaribu kwa namba. Wengi wanaandika sin(A + B) = sin A + sin B kwa sababu macho yanaipenda. Weka 30° na 60°. Upande wa kushoto ni sin 90°, yaani 1. Upande wa kulia ni 0.5 jumlisha 0.866, yaani 1.366. Haziwi sawa, ifute. Sekunde chache zimekuokolea swali zima. Fanya hivyohivyo kwa anayedhani (a + b)² ni a² + b², na kwa anayedhani log(a + b) ni log a + log b. Ijaribu kwa namba. Narudia: ijaribu kwa namba.

Sasa hili la kufunga na kuomba. Mdogo wangu, sikuambii uache. Mimi naomba, na sijawahi kuingia chumba cha mtihani bila kuinamisha kichwa. Lakini kwenye shule zetu za kanisa kuna maneno yanayoua watoto. Nilipofeli jaribio lile, dada mmoja wa bwenini alinikalisha kitandani akaniambia imani yangu ni haba, ndiyo maana Mungu hanifungulii. Nililia usiku ule kuliko nilivyolia darasani. Ningemjibu leo ningemwambia afungue Danieli sura ya kwanza, sura inayohubiriwa kila tukikaribia mtihani. Wahubiri wanapenda pale Danieli anapochagua mboga za majani, na wanapenda pale mwishoni Danieli na wenzake walipoonekana bora mara kumi kuliko waganga wote. Mstari wa nne na wa tano wanairuka. Pale imeandikwa vijana wale walipewa miaka mitatu ya kufundishwa, tena elimu na lugha ya Wakaldayo, watu wa ugenini. Miaka mitatu ya darasa! Mungu aliwapa maarifa wakiwa wamekaa kwenye dawati. Basi nawe kaa.

Kama shule yenu ni ya Kisabato, utasikia watu wakilalamika kwamba tunapoteza siku. Ijumaa jua likizama mnafungua Sabato, vitabu vinafungwa mpaka Jumamosi jioni, wakati rafiki zenu wa shule nyingine wanapiga msuli. Na chai ya rangi au kahawa ya kukeshea hakuna. Nilivyoona mimi, siku ile ndiyo iliyonishikia wiki. Kila jambo la Hisabati lilikuwa na mwisho wake, Ijumaa alasiri, hakuna kusema nitamalizia kesho. Swali lililonishinda nililiacha kwenye daftari, nikaenda kuimba, nikalala usingizi kamili, na mara nyingi Jumamosi usiku tukishafunga Sabato nililifungua nikaona njia. Jumapili asubuhi nikakaa na karatasi nzima ya mwaka wa nyuma kwa saa tatu, kama chumba cha mtihani, bila kuchungulia majibu. Pumziko la kweli ni sehemu ya kusoma. Wale waliokesha kila siku tuliwabeba kwenda zahanati mwezi wa tano.

NECTA nilipata B ya Hisabati. Darasani kwetu hakuna aliyenipita, mvulana wala msichana. Nayasema haya kwa ajili ya binti yeyote aliyeambiwa HKL bado kuna nafasi. HKL ni tahasusi ya heshima na ina watu wake. Lakini uende kwa kuipenda, si kwa kufukuzwa na kicheko.

Kwa hiyo kijana wangu, suala la kuhama lisubiri. Maliza kwanza fankisheni, logarithimu na trigonometria kwa mkono wako, ukianzia na zile kanuni mbili. Ile karatasi ya 14 usiichane wala usiifiche. Ipige picha kurasa zote unitumie, hasa zile zenye wino mwekundu mwingi. Nataka tuutafute pamoja mstari ule ulipokosea, swali moja baada ya jingine, na ninavyokumbuka ya kwangu, mingi itakuwa aljebra.