Bana nauli, usibane siku: kutoka Nairobi hadi Lamu kuwahi safari ya tanga

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari za tanga za Lamu huanza na swali la nauli. Nauli haisumbui. Kutoka Nairobi mpaka gati la Mokowe, upande wa bara ambako watu huvukia kwenda Lamu, unaweza kufika kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na ndege. Kinachowamaliza watu ni ratiba. Mtu amepanga kufika Ijumaa jioni, chombo kitoke Jumamosi asubuhi, Jumatatu awe kazini. Chombo cha tanga hakiendi hivyo. Hungoja maji na hungoja upepo, na asiye na siku ya akiba huishia kukodi boti ya injini imkimbize, au kutafuta ndege siku ileile ya kuondoka, na hapo kila alichookoa njiani kinayeyuka kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi yoyote, tazama mwezi. Nasema mwezi wa angani. Visiwa vya Lamu, Manda na Pate vimezungukwa na mikono ya bahari na mikoko, na kati ya Manda na bara kuna Mkanda, njia nyembamba inayotumiwa na vyombo vinavyokwenda Pate, Faza na Kizingitini. Maji yakitoka, Mkanda haupitiki kwa chombo kilichoshiba mizigo na watu. Unapita maji yakiwa yamejaa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na tena karibu na saa kumi jioni. Kila siku hujaa yakiwa yamechelewa kama dakika 50. Ikipita wiki hivi unaingia kwenye maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayatoki sana, na hapo kujaa kunaangukia asubuhi, saa nne au karibu yake.

Hili lina maana kubwa kwa mfuko wako. Ukipanga kuondoka wakati wa bamvua, ujue nahodha atakutaka chomboni gizani, au atakwambia mngoje mpaka jioni. Ukipanga wakati wa maji mafu, unaweza kuamka, kunywa chai, ukatembea hadi gatini kwa utulivu. Mimi nikiwa na wageni ambao hawajawahi kupanda chombo huwachagulia siku za maji mafu bila kusita. Tofauti ya siku chache kwenye kalenda huokoa usiku mzima wa kulipia chumba ambacho hukulala.

Baada ya mwezi, upepo. Kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, huvuma Desemba hadi Machi hivi. Kusi, utokao kusini, hushika Aprili na kuendelea hadi Septemba. Kiwayu, ambako safari nyingi ndefu huelekea, iko kaskazini mashariki mwa mji wa Lamu, umbali wa kama kilomita 50. Kwenda huko Januari ni kubisha: upepo unawajia usoni, nahodha anakata huku na huku, mabaharia wanavusha foromali, boriti inayobeba tanga, kila mnapogeuka, na mmoja wao amekalia ubao uliotokeza upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ili mashua isilale. Ni kazi nzuri kuitazama, lakini inakula saa. Kurudi ndiko raha, tanga limejaa na maji yanaimba chini ya ubavu. Wakati wa kusi hesabu inageuka: kwenda ni haraka, kurudi ndiko kubisha, na kati ya Mei na Julai bahari ya nje huchafuka hata manahodha wazoefu wakapendelea kubaki ndani ya visiwa. Kipindi ninachokipenda ni kile cha katikati, Oktoba na Novemba, upepo ukiwa wa matlai, yaani wa kutoka mashariki, mpole, na vyumba vya wageni bado havijapanda bei za Desemba. Angalia tu usigongane na sherehe. Siku za Maulidi mji hujaa wageni kutoka pwani nzima na kwingineko, na chumba cha bei ya chini hukipati hata kwa kubembeleza.

Sasa njia yenyewe. Treni ya SGR imekuwa ikibeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa tangu 2017, na daraja la kawaida lilipandishwa kuwa shilingi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Kuna treni ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku. Kwa anayekwenda Lamu, ninayoipendekeza ni ya usiku, ile ya saa nne. Sababu ni rahisi: mabasi ya Lamu huondoka Mombasa asubuhi, na njia ya huko husafiriwa mchana. Ukipanda treni ya asubuhi au ya alasiri utafika Mombasa ukiwa umechelewa basi, na italazimu ulipie kitanda. Ya usiku inakushusha Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, kabla ya alfajiri, unachukua matatu au teksi ya kuchangia hadi mjini, unasali, unakula mahamri na mbaazi, kisha unaingia basini. Viti vya daraja la kawaida havilali nyuma, kwa hiyo chukua leso ya kujifunika na kitu cha kuegemeza shingo. Fika kituo cha Syokimau, treni inakoanzia Nairobi, mapema, saa moja na nusu kabla, maana mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa kisha ikapitishwa kwenye mashine. Usibebe kisu, hata kama umeambiwa baharia hatembei bila kisu. Kitachukuliwa, na chomboni visu vipo.

Kitambulisho kiweke mahali pa karibu, kwa sababu utakitoa mara nyingi. Kwenye treni kitaulizwa, na kwenye barabara ya Lamu vizuizi vya polisi ni vingi, abiria wakashushwa na kukaguliwa mmoja mmoja. Usikasirike wala usibishane. Wapo pale kwa sababu ukanda ule uko karibu na mpaka wa Somalia na umewahi kushambuliwa. Ulizia hali ya usalama kabla ya kuondoka nyumbani, na ulizia tena ukifika Lamu, hasa kama safari yako inafika Kiwayu. Nahodha akikwambia wiki hii tuishie Pate, mshukuru.

Basi kutoka Mombasa linapita Kilifi, Malindi, linavuka Mto Tana pale Garsen, kisha Witu na Mpeketoni hadi Mokowe. Ni zaidi ya kilomita 300. Nauli niliyolipa haikufika shilingi 2,000, na barabara kutoka Garsen, iliyokuwa mateso ya vumbi na matope, sasa ni lami. Keti upande wa kushoto unapokwenda. Jua la asubuhi huchoma wa kulia. Zipo kampuni zinazotoka Nairobi moja kwa moja, na ni sawa kwa aliyezoea, ila kwangu mgongo hupumzika zaidi nikigawa safari kati ya reli na barabara.

Mokowe ndipo pesa nyingi hupotea kwa watu wa kwanza kufika. Basi likisimama, begi lako litapata wabebaji watatu kwa pamoja. Libebe mwenyewe, na ndiyo maana nasisitiza begi laini la mgongoni, si sanduku la magurudumu ambalo pia halina kazi kwenye vichochoro vya Lamu wala mahali pa kukaa kwenye mashua. Kuna boti za abiria zinazosubiri kujaa na kuna boti ndogo za kasi zinazokodishwa. Ulizia boti ya watu wote, panda, subiri. Haichukui muda kuvuka.

Ukifika mjini, usikimbilie gatini kutafuta chombo. Lala kwanza. Siku hii ya kwanza ndiyo siku ya akiba niliyoitaja, na haiendi bure, kwa kuwa ndiyo siku ya kupata bei. Wanaokukaribisha ukishuka botini wengi wao ni madalali. Wana familia za kulisha na siwalaumu, lakini malipo yao yatatoka kwako. Tembea hadi uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, kaa na wazee, sema shikamoo, ulizia habari za upepo kabla ya kuulizia habari za pesa. Taja unakotaka kwenda. Ndani ya saa moja mtu atakuelekeza kwa nahodha mwenyewe. Lamu watu wanafahamiana, na jina la nahodha mzuri halifichiki.

Chombo hulipiwa chombo, si kichwa. Mtu mmoja akienda Kiwayu peke yake analipa sawa na watu sita. Kwa hiyo tumia jioni hiyo kuunganisha watu: waulize wenye nyumba za wageni, waulize vijana uliopanda nao basi. Mkishakuwa kundi, ombeni kuonyeshwa mashua yenyewe, mkaikague mchana. Ina jaketi za kuokolea za kutosha kila mtu, watoto nao? Kuna injini ya akiba endapo upepo utakufa? Maji ya kunywa ni madumu mangapi? Bei imejumuisha chakula na mafuta? Mkielekea Kiwayu mnaingia Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979 na inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa hiyo ulizeni ada ya hifadhi nani anailipa. Nahodha mwaminifu haudhiki na maswali haya. Nimewahi kuacha mashua nzuri, yenye bei nzuri, kwa sababu jaketi zilikuwa chache kuliko watu, na ningeacha tena leo. Tangulizeni nusu, nusu nyingine mkirudi.

Chakula cha baharini usikihofie. Mabaharia wa Lamu hupika wali wa nazi kwenye sanduku la mchanga lenye makaa, na samaki waliyemvua njiani, na utakula vizuri kuliko ulivyokula mjini. Chukua kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, kikoi, tochi, dawa ya kichefuchefu ambayo humezwa kabla ya kuondoka na si baada ya kuanza kutapika. Beba pesa taslimu za kutosha, kwa kuwa mtandao wa simu huyumba ukishapita Pate na M-Pesa haitakusaidia. Mjini na vijijini vaa kwa heshima. Nguo za kuogelea ziishie chomboni na ufukweni.

Kurudi nako kuna hesabu yake. Mabasi huondoka Mokowe asubuhi mapema, maana yake uwe umevuka kabla hakujapambazuka, na chombo chako pengine kitaingia Lamu jioni au usiku. Usikate tiketi ya basi kabla hujashuka chomboni. Ofisi za mabasi ziko mjini. Shuka, kata tiketi ya kesho au keshokutwa, na umwombe mwenye nyumba ya wageni akuamshe. Basi likikufikisha Mombasa alasiri una muda wa kuoga, kula na kupumzika kabla ya treni ya usiku ya saa nne, ambayo itakufikisha Syokimau usiku ungali mkubwa. Mpange mapema mtu wa kukuchukua, au ukae ndani ya kituo hadi kuche.