Kabla hujafika miaka 60, mwambie daktari ulikokulia

Ninaishi Nakuru, na Nakuru ni mji wa watu waliotoka kwingine. Kwenye ploti yetu kuna Wakisii, Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya na sisi wa upande wa Ziwa Victoria. Mimi ni mzaliwa wa Siaya, nimeolewa Bomet, na pande hizo mbili za familia ndizo zilizonisukuma kufuatilia habari za saratani. Kwetu Siaya nimeona saratani ya mlango wa kizazi ikichukua wanawake ambao watoto wao bado wako shule. Kwa wakwe zangu Bomet ni ya koo. Asubuhi unapanda matatu upande mmoja, jioni umefika upande wa pili, lakini ugonjwa unaoogopwa si uleule. Na karibu wagonjwa wote niliowajua hawakuwa wamefikisha miaka 60, umri ambao serikali huwapeleka watumishi wake kwenye pensheni.

Ushauri wangu nauweka mapema: usijipime hatari kwa mji unaolipia kodi ya nyumba leo. Angalia ulikokulia, ulichokula na kunywa huko, na magonjwa yanayojulikana huko. Halafu mwambie daktari, hata kama hajakuuliza.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja Nakuru kufanya kazi ya ufundi wa magari akiwa na miaka thelathini na kitu. Kijana mwenye nguvu, hanywi sana, havuti sigara. Kwanza alilalamika kwamba nyama inakwama. Baadaye ikawa ugali. Nilianza kuona mezani kwangu anaweka glasi ya maji kando ya sahani, kila tonge analisukuma kwa funda la maji, huku akiinua kidevu kidogo ili literemke. Kisha akaacha ugali akawa mtu wa uji, akisema tu kwamba amechoka na ugali. Mshipi wake wa suruali ukaongezwa matundu.

Kliniki moja hapa mjini ilimpa dawa za vidonda vya tumbo, zikiisha anaongezwa nyingine. Sioni ajabu kwamba walianza na vidonda, maana vijana wengi wanaoumwa kifua wana asidi tu. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyebadilisha mawazo hata baada ya mtu kushindwa kumeza. Mambo yaligeuka siku alipoonwa na klinikal ofisa kijana, kwingine kabisa, aliyemuuliza, "Kwenu ni wapi?" Aliposikia Bomet, hakuandika dawa. Aliandika barua ya kwenda kupigwa kamera ya tumbo, na akasema isipite wiki hiyo. Kamera ilikuta uvimbe kwenye umio, ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Walikata kipande kidogo cha uvimbe huo, yaani kinyama, kikapelekwa maabara, na majibu yakawa saratani. Alitibiwa, akawekewa stenti, kimrija cha kuacha umio wazi, ili apate kumeza, akala tena kidogo na wanawe. Tulimzika Bomet.

Swali la yule klinikal ofisa halikuwa la ukabila. Saratani ya umio, ambayo watu wengi huiita ya koo, ina ukanda wake Afrika: unaanzia Ethiopia, unashuka Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Ndani ya Kenya, Bonde la Ufa na magharibi ndiko hospitali zinakokutana nayo kila siku, na hospitali ya Tenwek, pale Bomet, wamekuwa wakiandika habari zake kwa miaka mingi, wakiwemo wagonjwa ambao hawajafika hata miaka 30. Nchi za Ulaya mgonjwa wa saratani hii kwa kawaida ni mzee. Kwa hiyo ukimpata daktari aliyesomea vitabu vya huko bila kufanya kazi upande huu, kijana wa miaka 33 anayekwama tonge hamletei picha hiyo akilini. Lakini ukimwambia, "Mimi nimelelewa Bomet, na kwetu watu wamekufa kwa koo," umemsaidia kufikiri.

Kwa nini huko? Hakuna jibu moja, na mtu anayekupa jibu moja muogope. Pombe na tumbaku zinajulikana kuongeza hatari, na chang'aa na busaa ziko. Watafiti wamepima mursik, maziwa ya kugandishwa ya Wakalenjin, na kukuta asetaldehaidi, kemikali ileile ambayo mwili huitengeneza mtu akinywa pombe. Lishe isiyo na matunda na mboga za kutosha inatajwa, na moshi wa kuni jikoni pia. Halafu kuna chai.

Hapa kwenye chai nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kitu unachoweza kubadilisha leo bila kuomba mtu pesa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, lilisema kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda kunasababisha saratani ya umio. Tatizo ni moto wenyewe, si majani ya chai wala maziwa. Kule Golestan, Irani, ambako saratani hii pia imejaa, watu wengi walifuatiliwa kwa miaka, na waliokunywa chai nyingi ikiwa bado moto sana waliugua zaidi ya wanaoisubiri ipoe. Sasa fikiria chai ya Bomet: imechemshwa pamoja na maziwa kwenye sufuria, ikamiminwa kwenye thamosi ikiwa inatokota, inatoka hapo kuingia kikombeni na mgeni anahimizwa anywe kabla haijapoa. Chai ikipoa ni kama umemdharau mgeni. Nimeishi na desturi hiyo na ninaipenda, lakini kwangu tumebadilisha. Chai inamiminwa vikombeni kwanza, ndipo mkate unakatwa, watoto wananawa, mtu anaombea chakula. Wazee wakija nawaeleza waziwazi kwa nini. Kipimo changu ni rahisi: kama huwezi kupiga funda bila kupuliza na kuvuta hewa, weka kikombe chini.

Sasa nije kwenye zile habari za "kaunti fulani inaongoza kwa saratani," ambazo hutumwa kwenye magrupu ya familia na kuwatia watu hofu. Ukisoma namba za namna hiyo, uliza kwanza ni idadi ya wagonjwa au ni wangapi katika kila watu 100,000. Kaunti yenye watu wengi lazima itoe wagonjwa wengi. Uliza pia umri. Saratani nyingi huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, na kaunti iliyobaki na wazee huku vijana wameenda mjini itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha rika kwa rika: wa miaka 40 wa hapa na wa miaka 40 wa kule. Ukilinganisha walio chini ya miaka 60, tofauti za mahali zinaonekana vizuri zaidi, kwa sababu uzee haujaziba picha. Nchi yetu ni changa sana, karibu nusu yetu tulikuwa hatujafika miaka 20 kwenye sensa ya 2019, kwa hiyo wagonjwa wengi wodini ni watu wa umri wa kufanya kazi.

Jambo la tatu ndilo husahaulika zaidi. Saratani huhesabiwa pale inapopimwa. Eldoret imekuwa na rejista ya saratani tangu 1999, Nairobi tangu 2001. Mahali pasipo na maabara ya kuchunguza kinyama, mtu anakonda, majirani wanasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, au amerogwa, anazikwa, na hesabu haimjui. Namba ndogo inaweza kuwa baraka, au inaweza kuwa ukosefu wa daktari.

Upande wa ziwa hadithi ni nyingine. Kwa utafiti wa kitaifa wa 2018, maambukizi ya virusi vya Ukimwi yalikuwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na 17.5 Kisumu, wakati nchi nzima ilikuwa 4.9. Mwanamke mwenye virusi hivyo yuko kwenye hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita hivi kuliko asiye navyo, kwa sababu kinga yake inashindwa kukifukuza kirusi kingine, HPV, ambacho ndicho mzizi wa saratani hiyo. Nchini Kenya inaua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka, nayo huanza miaka mingi kabla ya kuonekana. Miaka hiyo ya katikati ndiyo nafasi yetu.

Mama mdogo wangu anaishi Siaya na anatumia ARV. Siku moja ya kuchukua dawa, muuguzi alimwambia asiondoke kabla ya kupimwa mlango wa kizazi. Anapakwa siki, muuguzi anaangalia kwa taa, pakibadilika rangi kuwa meupe pana shida. Palikuwa meupe. Walimtibu kwa kuchoma sehemu ile kwa kifaa cha joto, akarudi nyumbani kwa miguu yake, na leo analima. Aliponisimulia, alinong'ona kana kwamba ni aibu. Nikamwomba awaambie wanawake wa chama chake kwa sauti, na amewaambia.

Kwa hiyo mwanamke wa Kisumu, Siaya, Homa Bay au Migori, popote unapoishi sasa: ukifika miaka 25 pimwa, na kama unatumia ARV usingoje umri wala dalili. Binti yako akifika miaka 10 apate chanjo ya HPV, inayotolewa bure tangu Oktoba 2019. Nimesikia kina mama wakisema inafunga kizazi. Haifungi. Binti zangu wamechanjwa.

Watoto wa ukanda huohuo wana saratani yao, limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt aliyeieleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Inafuata maeneo ya malaria kali, ikishirikiana na kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Mara nyingi huanza kwenye taya: shavu linavimba, meno yanalegea, mzazi anafikiri ni jino na kumpeleka mtoto kung'olewa. Inakua haraka kupita saratani karibu zote, inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na pia ni miongoni mwa zinazosikia dawa za kemo vizuri. Shavu la mtoto likivimba na lisipungue, usimalize wiki nyumbani.

Hapa Nakuru kwenyewe watu hunionyesha meno yao ya kahawia wakiniuliza kama maji yetu yanaleta saratani. Rangi hiyo ni ya floraidi, na ni kweli maji ya Bonde la Ufa yana nyingi. Kule Eldoret watafiti waliona wagonjwa wa umio wana meno yaliyoharibika zaidi ya watu wengine, lakini vitu viwili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine. Piga mswaki, tafuta maji ya mvua ya kunywa ukiweza, na usikose usingizi kwa sababu hiyo. Wanaopulizia dawa mashambani na kwenye maua Naivasha, hao nawaomba wasikubali kazi bila glavu na barakoa.

Matiti sijayataja kwa sababu hayana mkoa. Ndiyo saratani inayogunduliwa zaidi kwa wanawake wa Kenya, na wengi wao hawajafika miaka 50. Uvimbe usiouma usikudanganye.

Kwa vitendo, mambo yanayotusumbua zaidi ni pesa na karatasi. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, na ulipie mchango ukiwa mzima, maana kuanza kutafuta pesa za mwaka mzima siku ya kulazwa ni mateso. Ukiwa na shida ya kumeza kwa zaidi ya wiki mbili, omba kamera, na ukikataliwa omba barua uende kwingine. Nakuru siku hizi kuna matibabu ya mionzi, na Eldoret wana kitengo kikubwa cha saratani, kwa hiyo si kila safari lazima iishie Nairobi. Karatasi ya maabara iliyo na majibu ya kinyama usiiache hospitali: omba nakala, ipige picha kwa simu, mtumie na mtu mwingine wa familia. Sisi tuliwahi kufika kwa daktari mpya bila hiyo karatasi, na bila hiyo hakuna anayeweza kuanza kemo. Na pale kwenye fomu wanapoandika makazi, andika Nakuru kama unaishi Nakuru, kisha ukikaa mbele ya daktari ongeza kwa mdomo: nimezaliwa mahali fulani, nimekulia mahali fulani, na ndugu zangu waliougua waliugua hiki.