Wasomaji wauliza: Utii na unyenyekevu nyumbani katika Majilio

*Sisi ni Wakatoliki wa Wete, tuna watoto watatu, wa miaka 6, 10 na 15. Majilio yaliyopita, yale majuma ya kuingojea Krismasi, tulibandika karatasi ukutani: kila tendo jema, nyota moja. Haikufika wiki ya pili, wadogo wakawa wanagombania nyota, na mkubwa akasema utii ni neno la wazazi wanaotaka mtu wa kutumwa. Mwaka huu tufanyeje? – Mama wa watatu, Pemba*

Karatasi ibandueni, mama. Unyenyekevu ukishahesabiwa mbele ya watu unageuka mashindano, na mtoto wa miaka 10 hana kosa kutaka kushinda. Badala yake tafuteni kisanduku kidogo kiwe hori, na pembeni yake muweke usumba uliochambuliwa vizuri. Aliyefanya tendo la siri huchukua unyuzi mmoja akaulaza horini wakati hakuna anayemwangalia. Nyuzi zote zafanana, basi hakuna wa kujua nani kaweka ngapi. Mkesha wa Krismasi, sanamu ya Mtoto Yesu hulazwa juu yake.

Tendo liwe dogo, ila lichome kidogo: kukuna nazi bila kuitwa, kumwachia mwenzio kipande kikubwa cha muhogo, kunyamaza katika ubishi ambao ungeushinda. Moja kwa siku latosha. Yule wa miaka 6 hawezi kubuni peke yake. Mnong'onezeni asubuhi jambo moja la siku hiyo. Kinachoharibu mpango huu ni mzazi kuuliza jioni, "Leo umeweka?" Hapo mmeirudisha karatasi ukutani. Hata mdogo akitia konzi nzima kwa mara moja, mwacheni.

Huyo mkubwa msikilizeni, maana ana hoja. Malaika alipomwambia atamzaa Yesu, Mariamu mwenyewe aliuliza kwanza, "Litakuwaje neno hili?" (Luka 1:34), ndipo akakubali. Kuuliza kwa adabu si uasi. Mwekeeni utaratibu: akitumwa anaweza kuuliza mara moja, mzazi ajibu mara moja, kisha kazi ifanywe. Na swali likiwa la haki, mzazi aibadilishe amri wazi mbele ya wote: "Umesema kweli, acha kwanza." Kijana wa miaka 15 hasahau siku aliyoambiwa hivyo.

Amri zenyewe nazo zitazameni. Mara nyingi mtoto hakuasi, amechanganyikiwa: mama kataja mambo matatu kutoka jikoni, baba barazani kaongeza la nne. Mwendeeni alipo, mwiteni kwa jina, mngojee ile "labeka" au "naam" yake, kisha mpeni kazi moja yenye mwisho wake: "Pipa liwe limejaa kabla ya adhana ya magharibi." Akimaliza aje aseme, nanyi mumshukuru. Ya pili ifuate baada ya hapo.

Wiki ya kwanza, kabla ya kudai lolote, watoto wawaone nyinyi mkitii. Sala ya Jumuiya imepangwa saa 10 jioni, basi saa 10 baba awe ameshaketi. Mama amekataa jambo, baba asiliruhusu kwa siri. Mzazi aliyemkaripia mtoto bure amwombe radhi siku ileile, bila kuongeza "lakini na wewe". Yusufu, mume wa Mariamu, hana hata neno moja alilonukuliwa katika Injili. Mathayo 1:24 inasema tu kwamba aliamka akafanya kama alivyoagizwa. Usomeni mlango huo usiku mmoja, kisha nyamazeni kidogo pamoja.

Na hili tunawasihi msilipite. Waefeso 6:1 yasema watoto wawatii wazazi "katika Bwana", na mstari wa 4 unawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Mnapofundisha utii, wafundisheni papo hapo kwamba mtu mzima yeyote akimtaka mtoto jambo baya, au akamgusa na kumwambia afiche, hapo hapana utii. Apige kelele, akimbie, aje aseme, na ataaminiwa.

*Shada la Majilio tutalifanyaje hapa Fuoni? Misonobari hakuna, mishumaa ya zambarau hatuipati, na ile myeupe inapinda kwa joto. – Baba wa familia, Unguja*

Mvinje unafaa sana. Sukeni vitawi vyake mduara juu ya sinia, na mvibadilishe kila Jumamosi, kwa kuwa vikikauka vinashika moto upesi. Mishumaa minne myeupe, inayowashwa kwa kuongeza mmoja kila wiki, isimamisheni katika makopo manne yaliyojazwa mchanga mkavu, na rangi muitie kwenye kopo, si kwenye mshumaa: utepe wa zambarau kwa makopo matatu, wa waridi kwa lile la Dominika ya tatu. Utepe uliofungwa kwenye mshumaa wenyewe utafikiwa na moto.

Kupinda kunatokana na kuiacha karibu na dirisha au bati. Mkishasali ilazeni kivulini, mahali palipo sawa. Majilio huwa na siku 22 hadi 28, hivyo mkiwasha dakika 10 kila usiku, mshumaa wa kwanza utawaka mpaka dakika 280. Chagueni ulio mnene. Utabaki mfupi kuliko wenzake na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Upepo wa kaskazi ukiingia, fungeni dirisha la upande huo, na msiwashe chini ya makuti hata siku moja.

Mdogo kuliko wote awashe wiki ya kwanza, baba awe wa mwisho.

*Majirani zetu pande zote ni Waislamu, na tunaheshimiana. Mume wangu anasema unyenyekevu wa Majilio uanzie kwao. Tufanye nini hasa? – Mwanakwerekwe*

Mume wako yuko sawa. Anzeni na salamu: mtoto awatangulie wazee wa mtaa kwa shikamoo, asingoje kuitwa. Mnapofanya mazoezi ya nyimbo nyumbani, adhana ikilia pumzikeni mpaka imalizike.

Sahani ya Krismasi ndiyo yenye kutaka uangalifu. Nyama iwe imechinjwa Kiislamu, sufuria isiwe imewahi kupikiwa nguruwe, na keki isitiwe kileo hata tone. Mkiwa na shaka yoyote, pelekeni matunda au tende. Mtoto ndiye apeleke, na mumwagize asisimame mlangoni kungoja sahani irudi.